Utunzaji wa Sakafu za Mawe na Vigae mjini Kampala

Adui wa kwanza wa sakafu mjini Kampala ni vumbi jekundu. Udongo wa vilima vya mji huo hupata rangi yake kutokana na kutu ya chuma, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko marumaru. Zikikanyagwa, hukwaruza jiwe na kuondoa mng'ao wake. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza vumbi hilo kuwa tope. Kwa hiyo usafi huanzia mlangoni, penye mkeka wa kufutia miguu. Kisha hupita ufagio laini, ndipo lifuate dekio. Kupiga deki kabla ya kufagia ni kuisugua sakafu kwa msasa.

Wengi huponzwa na jina. Katika Kiswahili cha madukani, "marumaru" ni jiwe lenyewe, kama lile la Moroto huko Karamoja, na pia ni kigae cha udongo uliochomwa kiwandani. Viwili hivyo havisafishwi kwa njia moja. Marumaru halisi ina asili ya chokaa. Ndimu, siki au dawa ya choo yenye tindikali huila na kuacha doa lililofifia, lisiloondoka mpaka fundi alisugue upya jiwe kwa mashine. Kigae hustahimili zaidi, lakini saruji iliyojazwa katikati ya vigae hulika, maji yakapenya, na vigae vikaanza kubanduka. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, hivyo tindikali huishambulia pande zote mbili.

Asiyejua sakafu yake ni ya nini na adondoshe tone la siki pembeni, pasipoonekana. Vipovu vikitokea, hilo ni jiwe la chokaa. Jengo moja laweza kuwa na aina kadhaa: Hekalu la Kibahai kilimani Kikaaya, lililofunguliwa mwaka 1961, lina kuba la vigae vidogo kutoka Italia na kuta za mawe ya Uganda.

Kwa kazi ya kila siku yatosha maji vuguvugu na sabuni ya maji isiyo na tindikali, kisha kusuuza na kukausha kwa kitambaa. Mafuta yaliyonywewa na jiwe hufunikwa kwa uji mzito wa magadi ya kuokea hadi kesho yake.

Hatari kubwa kuliko doa ni kuchanganya dawa ya choo yenye tindikali na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na anayeivuta mara nyingi ni mfanyakazi aliyeinama chooni, dirisha likiwa limefungwa. Mwajiri ampe glavu, na asimletee dawa katika chupa isiyo na lebo. Harufu kali ikimpanda mtu puani, aiache ndoo pale pale na kutoka nje. Akiendelea kukohoa au kubanwa kifua, apelekwe hospitali bila kuchelewa.