Sadaka ya Dawa: Namna ya Kutunza Mfuko wa Wagonjwa Maskini

Kata ya Ipelele imo katika Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe, kwenye nyanda za juu zenye baridi kali. Wananchi wengi wa wilaya hiyo ni wakulima. Kwa mkulima fedha huonekana wakati wa mavuno, bali ugonjwa haungoji mavuno.

Mzigo wa maradhi mkoani ni mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na Virusi vya UKIMWI, wakati wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Hata hivyo, mgonjwa huyo aweza kuugua nimonia, na bibi anayemlea mjukuu yatima aweza kuhitaji vidonge vya shinikizo la damu kila siku. Mara nyingi ni dawa hizi za kawaida zinazomkwamisha maskini dirishani. Akinunua nusu dozi, haponi, na vimelea hujenga usugu.

Ndiyo maana waamini huchanga. Lakini tunapaswa kuelewa jinsi mfuko wa dawa unavyofanya kazi, kwa maana wema usio na utaratibu huweza kufunga duka la dawa.

Tuchukue mfano. Zahanati imepewa shilingi 1,000,000 za kuanzia. Dawa huuzwa kwa bei ileile ya kununulia, na fedha inayorudi hununua dawa nyingine. Kila mwezi wagonjwa wasio na uwezo huchukua sehemu moja ya tano bila malipo. Mwezi wa kwanza ukiisha, zimebaki shilingi 800,000. Wa pili, 640,000. Wa tatu, 512,000. Karibu nusu ya mfuko imetoweka, wala hakuna aliyeiba. Wagonjwa wote, wenye fedha na wasio nazo, watakuta rafu tupu. Tukiwatoza wote, tunamfukuza maskini. Tukiwapa wote bure, mfuko unakauka upesi zaidi. Basi kazi halisi ya sadaka ni kulipa kila mwezi ile sehemu ya tano ya wasio na uwezo, ili mfuko ubaki mzima.

Wengine hupenda kutoa dawa zenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, unataka dawa za msaada zilingane na mahitaji ya wapokeaji, na kwa kawaida ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kwisha muda wake. Vidonge vilivyosalia nyumbani visiletwe kamwe. Fedha humwezesha mfamasia kununua kinachohitajika.

Katika Injili ya Luka, Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakaporudi. Huruma yake ilikuwa na hesabu, tena ilikuwa na kesho.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, jumuiya ndogondogo za Kikristo zitoe kiasi kidogo kila mwezi, zisingoje harambee moja kubwa. Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa tarehe 11 Februari tangu mwaka 1993, yafaa kuwa siku ya kuanza au kuongeza ahadi hiyo. Pili, wanaostahili msaada watambuliwe kwa siri, bila kutazama dini yao wala kutaja ugonjwa wao, kwa kuwa aibu nayo humzuia mgonjwa kufika. Tatu, hesabu za mfuko zisomwe parokiani kila robo mwaka: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, bila majina ya waliosaidiwa.

Mama aliyembeba mtoto mwenye homa kutoka kijijini kwake hajui nani alichanga. Inatosha kwamba dirisha likifunguliwa, dawa ipo, na mwezi ujao pia itakuwapo.