Kĩtui Ilipogeuka KÄ©tui

Ukiwa Mutomo, kwenye barabara ya Kibwezi kwenda Kitui, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike jina la kaunti kwa Kikamba: Kĩtui. Linatoka sawa. Fungua terminali nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo, kibodi ileile, na unaweza kupata KÄ©tui. Mtu husema kibodi imeharibika. Wala! Tatizo ni la kihistoria.

Kikamba kina vokali saba, Kiswahili tano. Mbili zilizozidi zikavishwa kiwimbi: ĩ na ũ. Orodha ya herufi za kompyuta iliyotoka Marekani 1963, ASCII, ilikuwa na nafasi 128 tu, na kiwimbi hakikupewa herufi ya kukaa juu yake. Orodha ya Ulaya Magharibi ya 1987 ikaongeza ã, ñ na õ, kwa sababu Mreno na Mhispania walizihitaji. Sisi tukaachwa. Ajabu ni kwamba ĩ na ũ ziliingia 1988, kwenye orodha ya nchi za Baltiki na Greenland!

Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, ambayo ina nafasi kwa kila mtu. Humo ĩ ni baiti mbili. Terminali inayoijua huzisoma pamoja. Ile iliyobaki na orodha ya 1987 huzisoma mojamoja: Ä, kisha ©. Ukibonyeza kitufe cha kufuta, mfumo usiojua hufuta baiti moja, nusu ya herufi inabaki imening'inia.

Kuna mtego mwingine. Kibodi moja hutuma ĩ nzima, nyingine hutuma i halafu kiwimbi. Machoni ni kitu kimoja. Lakini mtafute Mũsyoka kwenye orodha ya wanafunzi, unaambiwa hayupo, na mtoto amekaa mbele yako.

Basi, kabla ya kununua kibodi, andika amri “locale” uone kama UTF-8 imetajwa. Kagua mpangilio wa terminali yenyewe, na wa kompyuta ya mbali kama umeingia huko. Kisha ofisi nzima ikubaliane namna moja ya kuandika ĩ.

Wengi wetu tulichagua njia ya mkato: tukaacha kiwimbi. Sauti ikabaki mdomoni, maandishi yakabaki na vokali tano za jirani.