Faili Saidizi Zinazokosekana katika Programu za Zamani

Faili saidizi ni vipande vya programu ambavyo programu nyingine huvitegemea. Kikikosekana kimoja, programu inayokitegemea haifunguki. Tatizo hili huzisumbua sana programu zilizoandikwa kwa Visual Basic 6 ya mwaka 1998. Mwenye duka Bunda au Butiama akihamishia programu yake ya hesabu kwenye kompyuta mpya kwa kunakili folda tu, huambiwa faili saidizi MSCOMCTL.OCX haipo. Windows huja na faili saidizi nyingine, MSVBVM60.DLL, lakini MSCOMCTL.OCX haimo. Fundi wa Musoma aitafute kwanza kwenye diski asilia ya programu. Katika Windows ya biti 64 huwekwa ndani ya folda ya SysWOW64, kisha husajiliwa kwa amri ya regsvr32 kwa mamlaka ya msimamizi. Kuipakua kwenye tovuti isiyojulikana ni hatari kubwa: virusi vikiingia, hesabu za miaka zinaweza kupotea.