Kwa nini piano ya umeme hupoteza sauti moja?

Wasikilizaji wetu wengi wanaifahamu sauti laini, kama ya kengele, katika nyimbo za miaka ya 1970. Mara nyingi hiyo ni piano ya umeme ya Rhodes, iliyobuniwa na Mmarekani Harold Rhodes. Herbie Hancock ni miongoni mwa walioipiga.

Ndani yake hakuna nyuzi. Ukibonyeza, nyundo ndogo yenye ncha ya mpira hupiga kijiti cha chuma. Sumaku yenye koili hugeuza mtikisiko wa kijiti kuwa umeme, na spika hutoa sauti.

Kijiti kikivunjika, noti hiyo hutoa kishindo kikavu tu. Fundi huchomoa waya wa umeme, hufungua skrubu, huweka kijiti kipya chenye urefu unaofaa noti hiyo, kisha hulinganisha sauti kwa springi ndogo iliyovishwa kijiti. Ikisogezwa kuelekea ncha, sauti hushuka.

Kazi haijaisha hapo. Mpira uliozeeka hukakamaa na kuchimbika, ukawa unakipiga chuma kwa ukali. Tunashauri ubadilishwe pamoja na kijiti, la sivyo hata kile kipya huenda kikavunjika mapema.