Theluthi Tatu Mtoni Ruzizi: Historia Fupi ya Mgawanyo wa Gharama za Pamoja

Mwaka 1983 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda SINELAC ili imiliki na kuendesha kituo cha Ruzizi II, kwenye mto unaotenganisha Cyangugu, yaani Rusizi ya leo, na Bukavu. Kituo kilipoanza kazi mwaka 1989, kanuni ilikuwa nyepesi: theluthi kwa kila nchi. Wepesi huo ulikuwa wa kisiasa zaidi kuliko wa kihasibu. Uchakavu wa mitambo na mishahara ya walinzi havipungui nchi moja ichukuapo umeme kidogo. Robin Cooper na Robert Kaplan, waliokuwa wakieneza miaka hiyohiyo ukokotoaji wa gharama kwa kufuata shughuli, wangeuliza ni shughuli ipi izaayo kila gharama. Hapa jibu linaanzia nje ya kituo. Maji yake hudhibitiwa kwanza na bwawa la Ruzizi I, kituo cha mwaka 1958 kwenye mlango wa Ziwa Kivu, kinachoendeshwa na SNEL ya Kongo. Shughuli inayowanufaisha wote walio chini ya mto imo, basi, katika vitabu vya shirika jingine. Theluthi tatu zilizo sawa haziwezi kuionyesha. Ruzizi III, iliyopangwa chini zaidi, itayategemea maji hayohayo.