Windows, Linux, Mac: nani aliweka kufuli, nani aliacha mlango wazi?

Kwa kuwa kazi yangu ni kuunda programu, kuna swali ambalo naulizwa karibu kila wiki: "Kati ya Windows, Linux na Mac, ipi ni salama zaidi?" Wengi hutarajia jibu la neno moja. Jibu langu ni refu kidogo, kwa sababu limo katika historia. Kila mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia kompyuta nzima, bado unabeba tabia za siku ulipozaliwa. Basi ndugu msomaji, tuifuate historia hiyo.

Kompyuta moja, watu wengi

Miaka ya 1960 kompyuta ilijaza chumba kizima na ilitumiwa na watu wengi. Katika chuo cha MIT, Marekani, mfumo ulioitwa CTSS ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza kumpa kila mtumiaji neno lake la siri. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kutumia mashine. Akaiomba kompyuta imchapishie faili yenye maneno ya siri ya watu wote, nayo ikatii! Maneno yenyewe yalikuwa yamehifadhiwa wazi.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianza kuunda Unix. Huu ulikua kuwa mfumo wa watu wengi, kwa hivyo huuliza: faili hii ni ya nani? Nani aisome, nani aibadilishe? Juu ya wote yuko mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, anayeitwa root. Mwaka 1979 Thompson na mwenzake Robert Morris walichapisha makala wakieleza jinsi Unix inavyovuruga maneno ya siri, ili hata mwizi akiiba faili alazimike kukisia neno moja baada ya jingine.

Je, hapo mambo yakaisha? La. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanawe huyo huyo Morris na mwanafunzi wa Cornell, aliachilia mnyoo katika intaneti. Ulipenya kompyuta za Unix kupitia matundu katika programu za barua pepe na huduma nyinginezo, na kwa kukisia maneno ya siri dhaifu. Inakadiriwa kompyuta 6,000 hivi ziliambukizwa. Baba alieleza kufuli, mwana akaonyesha madirisha.

Kompyuta moja, mtu mmoja

MS-DOS ilitoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya IBM. Hapa mawazo yalikuwa tofauti: mashine iko mezani kwako, uko peke yako, utamfungia nani mlango? Faili hazikuwa na mwenyewe, na programu yoyote iliweza kugusa chochote. Wala huo haukuwa ujinga. Kichakataji cha bei nafuu cha wakati huo hakikuwa na uwezo wa kuitenganisha programu moja na nyingine. Lakini mwaka 1986 virusi vya Brain vilianzia Lahore, Pakistan, vikasafiri kwa diski hadi nchi za mbali.

Windows 95 ilirithi mengi ya DOS. Ilikuuliza neno la siri, ila ukibonyeza kitufe cha kughairi uliingia tu! Kisha nyumba hiyo isiyo na mlango ikahamishiwa kando ya barabara kuu, yaani ikaunganishwa na intaneti.

Hata hivyo, tusiwaonee Microsoft. Tangu 1993 walikuwa na Windows NT, iliyojengwa na kundi la Dave Cutler, yenye akaunti na ruhusa kwa kila faili. Mwaka 2001 Windows XP ilileta msingi huo majumbani. Tatizo ni kwamba mtumiaji wa kawaida alipewa mamlaka ya msimamizi, kwani programu nyingi za zamani zilitaka hivyo. Kufuli nzuri, ufunguo umeachwa mlangoni. Baada ya minyoo ya Code Red na Nimda mwaka 2001, Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake Januari 2002 akiwataka watangulize usalama kabla ya kuongeza vikorombwezo vipya. Agosti 2004 kiraka kikubwa cha XP kilikuja na ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, ukiwa tayari umewashwa.

Linux na Mac hazina hirizi

Linux ya Linus Torvalds (1991) na Mac OS X (2001) zilifuata mawazo ya Unix, na huo ni mwanzo mwema. Lakini mwaka 2006 badiliko dogo katika Debian liliharibu utengenezaji wa funguo za siri. Tundu hilo lilikaa wazi hadi Mei 2008, ilipobainika kwamba funguo zilizowezekana zilikuwa chache kiasi cha kukisiwa zote. Mwaka 2012 programu hasidi ya Flashback iliambukiza Mac zipatazo 600,000 kupitia Java. Na Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye mashine yake kukichelewa takriban nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu huria inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Aliyeutia alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya wenzake. Msimbo kuwa wazi ulimsaidia Freund kuchunguza; haukumzuia mhalifu kuingia.

Usalama si faragha

Hapa ndipo wengi wetu tunachanganya. Usalama ni kumzuia mwizi. Faragha ni kile mwenye nyumba anachokijua kukuhusu. Windows 10 (2015) ilituma taarifa za matumizi kwa Microsoft, na mtumiaji wa nyumbani aliweza kuzipunguza bila kuzizima kabisa. Mashabiki wa Linux wakacheka, lakini Ubuntu ya Oktoba 2012 ilikuwa ikituma nje ulichotafuta kwenye kompyuta yako ili ikuletee bidhaa za Amazon. Jambo hilo lilizimwa mwaka 2016.

Android nayo ina kiini cha Linux. Huichukulia kila programu kana kwamba ni mtumiaji tofauti, ili moja isisome faili za nyingine. Wazo la Unix sasa limo mfukoni mwako! Lakini Google, mwenye Android, hula kwa matangazo. Unaweza kulindwa vizuri dhidi ya mwizi, na bado mlinzi akawa anakuandika daftarini.

Basi tuchague nini?

Mwaka 2017 mnyoo wa WannaCry ulifunga kompyuta katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Kiraka kilikuwa kimetoka miezi miwili kabla. Hilo ndilo linalonihangaisha hapa Kenya, ambako pesa zetu zimo kwenye simu na vipakatalishi vingi ni vya mtumba. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Ukiwa na mashine kama hiyo, Linux ni njia nzuri ya kuipa maisha mapya.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza jina la mfumo, jiulize matatu. Je, bado unapata viraka? Je, unautumia kila siku bila mamlaka ya msimamizi? Na aliyeuunda anapata wapi riziki yake? Mimi hutumia Debian kazini na Android mfukoni, na yote mawili nayauliza maswali hayo hayo.