Daraja la zamani la Nyali, lililopanda na kushuka na bahari

Mombasa ni mji wa bandari na viwanda, na moyo wake ni kisiwa. Kwa hiyo habari ya kuvuka haijawahi kuisha pale. Wasikilizaji wetu wengi mnalijua Daraja la Umoja la Mtambaswala, juu ya Ruvuma. Leo tunaeleza la namna nyingine, ambalo halipo tena.

Mwaka 1931 kisiwa kiliunganishwa na bara ya kaskazini, upande wa Nyali na Kisauni, kwa daraja linaloelea. Halikuwa na nguzo zilizosimama chini ya maji. Barabara ilikaa juu ya maboya makubwa yaliyo matupu ndani, yaitwayo pontuni. Neno hilohilo ndilo sisi Tanzania tunaloita kivuko: pantoni. Aliyevuka alilipa ushuru.

(Ng'ambo ya pili ndiko Kengeleni, penye kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru. Masasi nayo ilipokea walioachwa huru kutoka Zanzibar mwaka 1876, kwa hiyo historia hiyo si ngeni kwetu.)

Bahari pale hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti huzidi mita 3. Maji yakijaa, daraja lilinyanyuka. Yakipwa lilizama chini pamoja nayo, na njia za kuingilia zikawa mteremko: lori lenye mzigo lilishuka kuingia, kisha likapanda kilima kutoka. Ruvuma hubadilika kwa msimu wa mvua, si kwa saa, na daraja la Mtambaswala limesimama juu ya nguzo. Daraja lile la mita 720 lilifunguliwa 2010.

Nyali ilipata daraja la zege mwaka 1980, lenye urefu wa karibu mita 390, na lile linaloelea likaondolewa baada ya miaka 49. Kwa maoni yetu lilikaa muda mrefu kuliko mji ulivyoweza kulivumilia.

Hata hivyo wazo halikufa. Mwanzoni mwa 2021, ili kupunguza msongamano wa feri ya Likoni wakati wa korona, Kenya ilifungua daraja linaloelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni, kwa shilingi bilioni 1.9 za Kenya. Lile lilifunguka katikati kupisha meli. Watu walipangiwa saa za asubuhi na jioni. Aliyechelewa alirudi kwenye foleni ya feri.